Saa Nane ya Kishindo

Mume wangu analipwa kwa kuvunja. Nyumbani hajavunja hata kikombe, lakini kule maabara huweka kitofali cha zege kwenye mashine, akakibana mpaka kipasuke, kisha akaandika kimestahimili uzito gani. Kikisema pwaa, yeye hucheka peke yake. Ndiyo maana wanamwita Kishindo.

Mwaka huu akaletewa mpwa wake, binti wa dada yake, mhandisi. Binti ameifundisha kompyuta kubashiri kwa madaftari ya mjomba wake: ukiipa kiasi cha saruji, maji, kokoto na saa zege lilipomwagwa, maana jua kali hulidhoofisha, inakwambia nguvu ya zege wiki nne kabla ya kulivunja.

"Unapiga ramli," Kishindo akamwambia.

"Ramli haina hesabu, mjomba."

Alinuna wiki nzima. Kompyuta ikipatia, mvunjaji ana kazi gani tena? Ila mkuu wa maabara naye alikuwa ameshatamka: ikikosea, ifungashwe pamoja na mwenyewe.

Ikakosea. Mume wangu akarudi anapiga mluzi, na nyuma yake binti, macho yamevimba. Nikawapakulia.

"Sielewi," binti akasema. "Zege la saa mbili asubuhi, jua halijachoma, linatoka dhaifu kuliko yote. Kompyuta inachanganyikiwa, na mimi pia."

Kijiko cha Kishindo kikasimama hewani. Saa mbili asubuhi gari la zege huwa hata halijafika. Nikamwona anavyohesabu. Miaka yote ameandika 8, yaani saa nane, jua linachoma, bila kuongeza "mchana", kwani nani humwaga zege usiku? Binti, mtu wa simu na kompyuta, akaisoma 8 kama simu inavyoisoma.

Angeweza kunyamaza. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, na mpaka leo sijui nilitaka aseme au ameze.

"Mwanangu," akasema, "8 yangu ni saa nane."

Binti alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akapaliwa. Nikampiga mgongo huku nami nacheka, na huyo mwenye makosa akajifanya anatafuta chumvi.

Wakazirekebisha saa zote, kompyuta ikafundishwa upya. Siku ya kujaribu tena, mkuu amesimama pale na mikono nyuma, Kishindo akabana. Pwaa! Namba ikawa ileile ya kompyuta, imepungua kidogo tu. Wanasema aliyepiga kelele kuliko wote ni mume wangu.

Jioni nikamuuliza, "Na kazi yako je?"

"Kazi zipo nyingi. Mtoto wa dada yangu ni huyu mmoja."

Siku hizi wanavunja mara mojamoja tu, kuhakikisha. Siku hiyo mume wangu huamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati la kwenda harusini.