Vigae Vya Mama

Mama alivunjika mkono nyumbani kwetu Marui kwa kujikwaa tu kwenye kizingiti. Siku ya kutolewa plasta, daktari aliniambia mbele yake: mtu mzima akianguka kidogo hivyo na kuvunjika, ujue mifupa imepungua nguvu. Nimrudishe kliniki aanze dawa, la sivyo atavunjika tena, na safari hiyo huenda ikawa nyonga. Na nyumbani tuondoe kila kinachoweza kumwangusha.

Mimi ni mfanyakazi wa ofisini Kibaha, na sipendi kufundishwa. Niliona mkono umepona, kwangu yakawa yameisha. Kliniki sikumpeleka. Badala yake nilichukua likizo, nikamwekea vigae nyumba nzima, vyeupe vya kung'aa, majirani wajue naye ana mtoto.

Fundi alishauri mlango wa uani tuweke vile vyenye mikwaruzo, visivyoteleza. Nikakataa, vinashika uchafu. Mama naye akasema, "Mwanangu, mie nikishatawadha naingia na miguu ina maji. Hapa patanitupa."

"Mama nawe! Zoea vitu vizuri," nikamwambia, nikacheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Hakupata muda wa kuzoea. Adhuhuri moja, katoka kutawadha, akateleza palepale mlangoni akaangukia ubavu. Nyonga ikavunjika. Mama aliyekuwa akilima mihogo yake mwenyewe sasa alihitaji watu wawili kumgeuza kitandani.

Wodini alitupokea daktari mwingine, kijana mpole. Aliuliza, "Alipovunjika mkono, hakuanzishiwa dawa ya mifupa?"

"Hatukuambiwa," nikasema. Lilinitoka jepesi, kama salamu.

Akamgeukia mama. "Ni kweli, bibi?"

Mama alitulea kwa fimbo kwa sababu ya uongo. Hata ule mdogo wa kumfichia mgeni jambo alikuwa hautaki. Alinitazama kwa muda, nami nikaangalia shuka.

"Hatukuambiwa, baba," akasema. "Tungeambiwa, huyu angenileta."

Daktari alisikitika kwelikweli. Akaandika dawa zianze, akaeleza tena yote niliyokwisha kuelezwa, kisha akatuomba radhi kwa niaba ya wenzake.

Nami nikaipokea ile radhi. Nikamjibu, "Usijali, daktari, yameshatokea," kwa sauti ya mtu aliyekosewa.