Isaka Alibaki Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, chuo kikuu huku Guangzhou, nilipewa meza iliyotazamana na meza nyingine. Nikadhani ni uhaba wa nafasi, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mkuu wa Idara, mzee mwembamba asiyeachana na chupa yake ya chai, aliketi upande wa pili, akanisukumia kitabu cha Mwanzo kwa Kiebrania.

“Laoshi,” aliniita, yaani mwalimu kwa Kichina, “marabi wa kale hawakusoma peke yao. Walisoma wawili wawili, mmoja akisema, mwenzake akipinga. Mimi nitakupinga.”

Na kweli alinipinga, mpaka alipostaafu. Hakumwamini Mungu, lakini aliamini kwamba katika andiko hakuna neno lililowekwa bure, na kwa kazi yetu hilo lilitosha.

Nyinyi vijana mnaoniuliza mzee wa Wundanyi kama mimi alikuwa akifundisha nini Guangzhou, sikilizeni. Nilifundisha jinsi Wayahudi wa kale walivyochimbua maana zilizofichika katika maandiko. Kuna peshati, maana ya wazi, kama maneno yanavyosomeka. Kuna remezi, dokezo. Derashi ni kupekua: neno likirudiwa, kwa nini limerudiwa, jambo likinyamaziwa, kwa nini limenyamaziwa. Sodi ni siri, na hiyo sikumpa mwanafunzi mwenye haraka. Wasomi waliokuja baadaye walizikusanya zote nne wakaziita pardesi, yaani bustani, kwa herufi zake za mwanzo. Lakini marabi walikuwa na sharti moja: chimba utakavyo, andiko haliachi maana yake ya wazi.

Halafu kuna gematria, iliyoniletea balaa. Herufi za Kiebrania hutumika pia kama tarakimu, kwa hiyo kila jina lina jumla yake. Abrahamu alikwenda vitani na watu mia tatu na kumi na wanane. Marabi wakajumlisha herufi za Eliezeri, mtumishi wake, wakapata idadi ileile, wakasema alikwenda na huyo mmoja tu. Habari hizo zilifika mtaa wa Guangyuan Xilu, kwa Wakenya wanaonunua nguo kwa jumla, na mama mmoja wa Nairobi akanifuata hadi kanisani.

“Mwalimu, nipigie hesabu ya namba ya kontena langu. Linapakiwa bandarini Huangpu kesho. Lina heri?”

“Lina suruali,” nikamwambia.

Alinuna mwezi mzima. Nami sijutii, maana elimu ya watu si ramli.

Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la Abrahamu kumpandisha mwanawe Isaka mlimani amtoe sadaka. Mara mbili andiko linasema baba na mwana walikwenda pamoja. Kwenye kushuka, linamtaja Abrahamu peke yake. Isaka alibaki wapi? Marabi wengine walisema alipelekwa kusoma kwa mzee Shemu, mwana wa Nuhu, wengine wakasema malaika walimchukua Edeni kumtibu. Mkuu wa Idara alipuliza chai yake.

“Ana mambo yake,” alisema. “Vijana wana mambo yao.”

Tulibishana jioni nzima, na sikumbuki siku niliyofurahi zaidi katika nchi hii.

Alipostaafu alihamia kaskazini kwa binti yake. Mkuu mpya alikuwa kijana mwenye adabu sana. Kila nikisema neno, yeye: “Laoshi, uko sahihi.” Siku ya tatu nilitamani kumrushia kamusi. Baadaye nilihamishiwa maktaba, chini ya Mkurugenzi aliyeniheshimu hata zaidi, na huko sikuwa na meza ya pili mbele yangu. Nilisoma kwa sauti, kisha nikajipinga mwenyewe. Jamani, upweke ni kitu kibaya. Mtu akijibishana peke yake hushinda kila mara, na ushindi huo hauna ladha.

Sasa niwaambie la nyumbani. Mwanangu Mwakio alinifuata huku kwa ufadhili wa masomo, na tulimwahidi mama yake kwamba tutarudi sote wawili. Alipomaliza alipata kazi ya kupakia mizigo bandarini Nansha, akaoa msichana wa huko, wakapata mtoto. Siku moja, tukiwa tunakula, aliweka chini vijiti vyake.

“Baba, mimi sirudi. Mwambie mama taratibu.”

Sikumwambia. Mama Mwakio ana presha, nami nilijua mno maandiko. Marabi huamini kwamba habari mbili zikipangwa jirani, moja huifafanua nyingine. Na baada ya kisa cha mlima, kisa kinachofuata ni kifo cha Sara, mama yake Isaka. Wengine wao wakasema ni habari za mwanawe ndizo zilizomuua. Kwa hiyo kila mke wangu alipopiga simu akauliza, “Utarudi lini?” nilijua moyoni kwamba anamtaka mwanawe. Nikamjibu kwa habari za Mwakio: kazi ni nyingi, bandari haina likizo, vumilia kidogo.

Nimestaafu mwezi huu. Mkurugenzi alinipa maua na hotuba ambayo hakuna aliyeipinga. Nilirudi kwenye chumba changu, nikafunga vitabu kwenye maboksi, nikakaa kitandani nikiogopa simu yangu mwenyewe. Ilipolia, nilimwambia mke wangu kabla hajanisalimu.

“Mama Mwakio, mtoto harudi. Ameoa huku. Wana mtoto.”

“Najua,” alisema. “Alinieleza mwenyewe, tena siku nyingi zilizopita. Mjukuu namwona kwenye simu kila Jumapili. Ana masikio yako, maskini.”

Nilisimama kutoka kitandani.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia saa ngapi, Baba Mwakio? Kila nikikuuliza habari zako, unanipa habari za bandari. Nikasema labda hutaki kurudi, ila unaona haya kunitamkia.”

“Nilidhani unamuulizia Mwakio.”

“Mwakio ana mke. Nakuuliza wewe. Utarudi lini?”

Maana ya wazi ilikuwa pale miaka yote, nami nilipita juu yake nikienda kuchimba.

“Alhamisi,” nikasema.

Hakujibu, wala hakukata simu. Nilimsikia akipumua. Kimya kile sikukitafutia maana. Nilikaa ndani yake pamoja naye.