Alibaki Nyuma

Watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani baba yao anakula misumari. Kila wakiingia karakana walimkuta ameinamia kochi, vichwa vya misumari vimejipanga midomoni, anachomoa mmoja mmoja na kuupigilia kwenye mbao. Siku moja binti yetu alinijia jikoni analia, anataka kujua baba akishiba misumari yote ile itatokea wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi hadithi hiyo hainichekeshi tena, maana nimejua misumari ile ilikuwa na kazi nyingine.

Ukimwuliza mume wangu bei ya kitambaa, atakueleza. Ukimwuliza sponji ipi inadumu na ipi ni ya kudanganyia watu, atakueleza mpaka uchoke. Lakini mwulize habari za jeshi uone. Mkono unaenda kwenye kopo, misumari inaingia mdomoni, mazungumzo yamekwisha. Nimekaa naye zaidi ya miaka thelathini nikiamini nimeolewa na mtu mkimya. Mkimya wapi! Alikuwa ameziba tu.

Nilichokijua ni kwamba aliwahi kuwa dereva wa lori jeshini, akaenda vita vya mpakani, akarudi mzima. Wenzake wa kikosi kile walipewa nishani, yeye hakupewa. Wakikutana naye mjini walimwita Nyuma. "Nyuma, za siku nyingi?" Nikadhani ni tabia yake tu wanayoitania, maana kweli mume wangu ni mtu wa nyuma. Harusini atatafuta kiti cha nyuma, msibani atasimama nyuma ya watu, na hata kwenye picha ya harusi yetu wenyewe amejificha nusu nyuma ya bega langu, utadhani mimi ndiye niliyemwoa. Nilijaribu mara moja kumwita jina hilo, kwa utani. Akaweka kijiko chini, akatoka nje. Sikurudia.

Mwaka juzi chama cha askari wastaafu kilitoa tangazo: yeyote mwenye kasoro katika kumbukumbu zake za utumishi aende makao makuu ya jeshi, zitarekebishwa. Tangazo hilo nililikuta kwenye mfuko wa suruali yake nikifua. Lilikuwa limekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka limeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nikamfuata karakana.

"Baba watoto, hii nini?"

Mkono ukaanza kwenda kwenye kopo. Nikaliwahi, nikalikumbatia.

"Leo huli misumari. Sema."

Akasema. Alikaa juu ya fremu ya kochi ambalo halijavalishwa, akasema huku akiangalia mikono yake.

Lori lake lilikuwa la mwisho kurudi kuelekea darajani. Walikuwa watatu: yeye, luteni wao, na kijana wa mawasiliano waliyemwita Redio, kwa sababu akianza kusema hana kitufe cha kuzima. Kabla ya daraja wakashambuliwa. Lori likaungua, Redio akapigwa risasi ya tumbo. Kila walipojaribu kumnyanyua alipiga yowe mpaka wakamlaza tena. Daraja lilikuwa lilipuliwe na wenzao wakati wowote, na luteni alikuwa na ramani ambazo hazikutakiwa kuangukia mikono ya adui. Mume wangu akamwambia, "Afande, nenda. Mimi nabaki naye."

Akamlaza Redio juu ya turubai, akamvuta taratibu hadi ghala la pamba lililokuwa hapo kando. Akakaa naye mpaka alipokata roho. Akachimba kwa kipande cha bati, akamfukia, kisha akavuka mto kwa kuogelea. Kabla ya kufa Redio alimwomba jambo moja tu: "Nenda ukamwambie mama."

"Ukamwambie nini?" nikauliza.

"Hakusema nini. Alisema nimwambie."

Aliporudi kikosini ripoti ilikuwa imeshatumwa. Luteni alijeruhiwa akivuka daraja, akaisema ripoti yake kwa kifupi akiwa kitandani hospitalini, kisha akahamishiwa mbali. Kuhusu Redio iliandikwa kwamba aliachwa ng'ambo, anahesabiwa amefariki. Kuhusu mume wangu iliandikwa: "Dereva alibaki nyuma."

Karani aliyeandaa orodha ya nishani akayaelewa maneno hayo kama anavyoelewa mtu ambaye vita amevisikia dirishani. Kwake yeye, kubaki nyuma kulikuwa ni kusuasua, kujificha wenzako wakisonga. Mume wangu akaenda kuuliza mbona jina lake halimo. Karani akafungua jalada, akamwuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima:

"Hapa imeandikwa ulibaki nyuma. Ulibaki au hukubaki?"

"Nilibaki, afande."

"Basi umejijibu mwenyewe. Anayefuata!"

Foleni ikaangua kicheko. Jina la Nyuma lilizaliwa pale.

"Kwa nini hukumweleza?" nikamfokea. Nilikuwa bado nimelikumbatia kopo la misumari, linanigonga kifuani.

"Aliniuliza kama nilibaki. Nilibaki. Ningesemaje?"

Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja. Ndivyo alivyo mume wangu. Ukimwuliza swali atalijibu hilo hilo ulilouliza, na nyumba ikiwaka moto atangoja umwulize habari za moto.

Kisha akanieleza kilichonichoma zaidi. Alikwenda kwao Redio, mara moja tu, wakati wa msiba. Alipofika mlangoni akamsikia mjomba mmoja ndani anasema kijana wao alikufa peke yake, dereva aliyekuwa naye alijibanza nyuma. Akageuka. Akajiambia atarudi siku jina lake litakaposafishwa, akiwa na karatasi ya serikali mkononi.

"Ningeingia kwa uso gani?" akaniuliza.

Kumbe nishani hakuitaka kwa ajili ya kifua. Aliitaka iwe ndiyo uso wa kwenda nao kwa mama wa watu. Na mama mwenyewe alikuwa anaishi mji huu huu, ng'ambo ya reli.

"Twende kesho," nikasema.

"Ngoja kwanza karatasi."

"Mama yule sasa ana umri gani?"

Akaanza kukwangua gundi iliyokauka kwenye fremu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto."

Akanyoosha mkono nimrudishie kopo lake.

Makao makuu nilikwenda naye mimi mwenyewe, maana ningemwacha aende peke yake angejibu maswali mpaka wamwongezee kosa. Masijala yao ni chumba kirefu chenye makabati ya chuma, na feni inayozunguka juu bila kumpepea mtu yeyote. Aliyetuhudumia alikuwa binti mwenye cheo cha koplo, mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Akalifungua jalada polepole kwa sababu kurasa zilikuwa zimegandana.

"Mzee, hapa wanasema ulibaki nyuma."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Binti akasoma tena, akakunja uso. "Ulibaki nyuma na nani?"

Swali dogo kama hilo. Makarani, wenzake, hata mimi mkewe, hakuna aliyewahi kumwuliza. Mume wangu akamtazama binti yule.

"Na Redio," akasema.

Koplo akaweka kalamu chini, akangoja. Aliposikia yote akasema yeye anaamini, lakini jalada haliandikwi kwa kuamini, akahitaji neno la mtu aliyekuwepo. Aliyekuwepo na bado yu hai ni luteni.

Luteni tulimpata nje kidogo ya mji, amestaafu, anafuga kuku wa mayai. Upara umemfika kisogoni na mguu mmoja anauburuta. Alimkumbatia mume wangu kwa mikono yake yenye pumba. Tulipomweleza maneno yake yalivyosomwa, alipiga ukelele kuku wote wakarukia pembeni.

"Nani kasema aliogopa? Nilikuwa namsifu! Watu wote tunakimbia, mmoja anabaki nyuma na mwenzake. Ningeandika vipi tena?"

"Ungeandika na mwenzake, afande," nikamwambia. "Hiyo 'na mwenzake' ndiyo uliyoisahau."

Akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku na kujishika kichwa. Aliandika ushahidi wake palepale, akautia sahihi, akausoma mara mbili kuhakikisha kwamba safari hii hakuacha neno. Tulipokuwa tunaaga akauliza, "Na mama yake Redio, ulimwona?"

Mume wangu akawatazama kuku.

"Anangoja karatasi," nikajibu kwa niaba yake.

Tukangoja. Jalada lilitoka meza hii likalala meza ile, mara mkubwa yuko safari, mara muhuri umekwenda kwenye ofisi nyingine. Kila wikiendi nilimwambia twende ng'ambo ya reli, kila wikiendi jibu likawa lile lile. Nilikasirika mpaka nikaacha kumpelekea chai karakana. Hakulalamika, akawa anakunywa maji.

Hatimaye koplo akatuita. Nishani ilikuwa ndani ya kijisanduku chenye kitambaa chekundu, na pamoja nayo nakala ya kumbukumbu iliyorekebishwa: "Dereva alibaki nyuma na majeruhi hadi alipofariki." Mume wangu aliisoma akiwa amesimama kwenye korido, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilingoja atabasamu. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sasa twende," akasema.

Alivaa koti lake la harusi za watoto, nikambandika nishani kifuani. Mlango ulifunguliwa na dada yake Redio, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mume wangu alipojitambulisha, yule dada akashika fremu ya mlango, kisha akatupisha. Mama alikuwa sebuleni, kwenye kochi la zamani ambalo springi zake zimekufa, amezama humo mpaka magoti yamepanda juu. Nikaona macho ya mume wangu yanakwenda kwenye springi kabla hayajakwenda kwa mama. Kisha tukaona sote wawili kwamba mama haoni. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote.

"Mwaka juzi alikuwa bado anatambua watu," dada akaninong'oneza.

Mwaka juzi ndipo nilipolikuta tangazo mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Mimi ni dereva. Niliyekuwa na mwanao kule ng'ambo."

Dada akasema, "Amevaa nishani, mama," na sauti yake haikuwa ya kusifu.

Mume wangu akatoa karatasi na kuanza kusoma. Namba yake ya jeshi, cheo chake, jina la kikosi. Mama akainua mkono.

"Acha kusoma. Mwanangu alisema nini?"

Nikamwona mume wangu anababaika. Maisha yake yote amejibu maswali yanayoulizwa, na hili ndilo alilokuwa analikimbia.

"Alisema viatu vinambana," akajibu. "Nikamvua, nikamsugua miguu. Akasema sasa anaona raha. Halafu akasema nije nikwambie."

Mama akasogea mbele, akijitoa kwenye lile shimo la kochi.

"Cha kushoto," akasema.

"Ndiyo, mama. Cha kushoto kilimbana zaidi. Kilikuwa kimemtoa malengelenge."

"Nilimwambia! Likizo yake ya mwisho nilimwona anachechemea, nikamwambia omba vingine. Akaniambia jeshini hawachagui viatu, mama." Akacheka, na kicheko kile kile kikageuka kilio, na dada akaja akamshika mabega. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka. Alipotulia akanyoosha mkono hewani, mume wangu akapiga magoti ili aupate uso wake.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Ng'ambo ya reli. Natengeneza makochi."

"Hapa hapa?" Vidole vyake vikasimama kwenye shavu la mume wangu. "Mimi nalala, naamka, najua mwanangu alitupwa kama mbwa, na wewe uko hapa hapa? Ulikuwa unangoja nini?"

Mume wangu akainua ile karatasi amwonyeshe, kisha akakumbuka, akaishusha.

"Nilikuwa nangoja hii karatasi, mama. Ili uniamini."

Mama akaipapasa ile karatasi, akaikunja bila kuiona, akamrudishia kwenye kiganja.

"Si ungekuja tu na habari ya viatu, mwanangu?"

Mkono wa mume wangu ulipanda polepole mpaka midomoni, kama kawaida yake, vidole vikatafuta msumari. Haukuwepo.