Jiwe la Buluu la Albertine

Mwaka ule mashine za kiwanda cha shaba cha Panda ziliponyamaza, Albertine alianza kukaa kitini kwa upande mmoja. Lambert, mume wake, aliyekuwa mfanyakazi wa pale, aliona.

Palikuwa panamwaka moto pale mlangoni mwa uke, kama pilipili, mwezi juu ya mwezi. Akiguswa, machozi. Fortunée, dada yake Lambert, akacheka uani: «Bibi yako anakimbia kitanda sawa mbuzi anakimbia mvua. Iko na bwana ingine, weye!»

Lambert akaingiwa na baridi. Mjini watu walikuwa wanakonda na kufa. Aliogopa ugonjwa ule. Aliogopa zaidi kumpoteza Albertine.

Akafanya alichojua. Kiwandani walikausha vidonda vya miguu kwa jiwe la buluu, chumvi ya shaba. Akaleta mfukoni kipande kilichosalia kule, kiyeyushwe majini, Albertine anawe kila asubuhi. Albertine alinawa miezi mitatu, kitenge mdomoni asipige kelele. Moto ukazidi.

«Inaua buchafu. Vumilia, Mama Reine,» Lambert alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao.

Siku Albertine aliposhindwa kutembea hadi sokoni Kikula, wakapanda lori kwenda hospitali ya misheni, Mulungwishi.

Muuguzi, Mama Marlène, alimgusa polepole kwa kijiti cha pamba. Hapa? Hapana. Hapa? Albertine akaruka. Nyuma ya pazia, Lambert akasogea karibu.

«Nimepima, hakuna ugonjwa wa bwana ingine,» akasema Mama Marlène. «Ni mishipa ya maumivu, imewaka na haijui kuzima. Lakini ngozi nayo imeungua. Mama, unanawa na nini?»

Albertine akatazama chini.

Lambert akasukuma pazia. «Miye. Miye nilileta jiwe la buluu.»

«Papa! Ile ni dawa tunanyunyizia nyanya, ya kuua ukungu. Bibi yako ni nyanya?»

Kisha Mama Marlène akasema taratibu: maji matupu, sabuni hapana, chupi za pamba, kidonge kidogo cha kutuliza mishipa, kupumua na kulegeza misuli ya chini. Na kitandani, asilazimishwe. «Itachukua miezi. Pengine haitaisha yote.»

Nyumbani Lambert alitupa jiwe chooni. Fortunée alipouliza, akamjibu: «Hakuna bwana ingine. Miye nilimuunguza.»

Tangu hapo kila asubuhi Lambert alimwekea Albertine maji, akasimama nje, akisikiliza kama bado anaguna, kitenge mdomoni. Mvua zilipoanza, asubuhi moja alisikia maji tu.

Albertine akatoka, akavuta kiti, akakaa. Sawasawa, pande zote mbili.