Nilivyoandika Limitations za thesis kama mfugaji wa Masisi anayetoa ng'ombe

Wakuu, wenye kustahili shikamoo ipokeeni, vijana wenzangu mambo.

Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkicheka sawa tu, mchumba wangu alishacheka kabla yenu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji, Kibabi, Masisi. Shule yote nilisoma kwa Kifaransa, halafu nikajikuta Kampala nasoma computer science kwa Kiingereza. Wakongo wenzangu mnajua mateso yake.

Thesis yangu ilikuwa app ya kurekodi maziwa ya kila ng'ombe, hata pasipo network.

Presha ilikuwa kubwa. Baba yake Furaha, mchumba wangu wa Mweso, alishatamka kwamba hapokei mahari kabla sijamaliza masomo. Na Furaha mwenyewe alishaanza kuchoka kusubiri.

Supervisor wangu, mama mkali lakini wa haki, alisisitiza style: sema moja kwa moja ulichofanya, punguza sifa. Nikajitahidi mpaka nikafika Limitations, yaani utaje kasoro za kazi yako mwenyewe.

Hapo nikakwama.

Kwetu, ukitoa ng'ombe wa mahari unamsifu tu. Kasoro zinatafutwa na wanaopokea. Wanamzunguka, wanamfungua mdomo, wanalalamikia pembe. Ndiyo raha yao! Sasa mimi nimtangulie examiner kwa adabu gani?

Nikaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba system yangu ni nzuri sana na kwa heshima nawaachia wanaoipokea watafute kasoro wenyewe.

Ikarudi nyekundu tupu.

Supervisor akaniita, akanieleza kwamba examiner akikuta kasoro ambayo hukuitaja, anaona huijui kazi yako. Ukiitaja wewe kwanza, anakuamini hata kwenye mengine. Nisiporekebisha, graduation ningeisubiri mwaka mwingine.

Nikamwona Furaha akiolewa na mwingine. Niliogopa kweli, wakuu.

Nikaandika yote: app inamaliza betri, inachanganya ng'ombe wenye jina moja, na wazee hawaoni maandishi yake. Siku ya defence walinisifia sehemu hiyohiyo. Nikapita!

Tukapeleka mahari Mweso. Wazee wakamzunguka ng'ombe, mjomba wake Furaha akauliza, "Iyi ngombe iko na shida gani?"

Hilo ni swali la desturi, msemaji wetu ndiye hujibu kwa sifa. Kabla hajafungua mdomo, mimi huyo:

"Papa, inapigaka teke wakati ya kukamua. Na mwaka jana muguu ya nyuma iliuma."



Baba yangu akajifunika uso kwa kofia. "Huyu mutoto, kule Kampala bamemufundisha nini?"

Nikajua nimeiharibu ndoa yangu kwa mdomo wangu. Kumbe baba yake Furaha alikuwa anajizuia kucheka. "Sasa siye tutasema nini? Amemaliza kazi yetu yote!" Akampokea ng'ombe.

Furaha akapaza sauti kutoka jikoni: "Papa, kabla aondoke, aseme na shida zake mwenyewe!"

Nikaanza kutaja. Kila nilipovuta pumzi, yeye alikuwa anaongezea.

Funzo: kwenye thesis ya Kiingereza, taja kasoro zako mapema. Kwenye mahari, mwachie msemaji.

Tumeshaoana. Ng'ombe bado anapiga teke, na baba mkwe hana pa kulalamikia.

Nyie wenzangu mliosomea lugha ya watu, Limitations mliandika nini? Shusheni hapa.