Gentille Anangojea Baba Yake ku Kasenyi

Gentille ni mutoto wa dada yangu, lakini ni mimi nilimulea. Mama yake alikufa mbele ya vita, na vita ilipoingia Bunia, baba yake, Paluku, akanishikisha mukono wa ule mutoto, akashuka Kasenyi, akavuka ziwa, akaikala Uganda. Kwanza tulisema atarudi mwezi ule. Sasa miaka imepita makumi mbili.

Sikumwambia mutoto neno baya juu ya baba yake, hata siku moja. Alisoma, akakuwa infirmière, muuguzi wa kuzalisha. Leo wanawake wa kartie yetu ya Bunia wakishikwa na uchungu, wanauliza kwanza: "Gentille iko?" Tofali kwa tofali alijenga nyumba, na mu ile nyumba kuko chumba chenye hakuna mutu analala ndani. Ni cha baba.

Alivuka ziwa mara mbili kumuomba arudi. Paluku alijibu: "Ku Bunia niliacha kaburi tu." Mwaka huu njo alikubali, mu telefone, na kiburi yake yote: "Siku ya Mungu, saa sita, nitakuwa ku Kasenyi. Nikikosa mutu wa kunipokea, nitarudia na boti ile ile, na musiniite tena."

Gentille akaomba konje ku kazi, juma moja, tukashuka naye Kasenyi, kwa rafiki yangu Estelle, muuzishaji wa samaki ya chumvi. Siku ya Mungu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake, saa moja ya asubui, Gentille alipaswa kuwa ku kazi.

Tulisali misa ya kwanza, kisha tukaenda ku soko kutafuta samaki ya kumupikia muzee. Gentille, mwenye hasiti mama akitoka damu, alikuwa anasita mbele ya meza ya Estelle. Anashika hii, anaacha, anashika ingine.

"Unachagua samaki kama mutu anachagua bwana," Estelle akamucheka. "Njo maana ungali weye moja!"

"Wacha mutoto," nikasema. "Hatuna haraka. Saa sita haiyafika."

Estelle akaacha kucheka. "Munangojea boti gani? Ya Ntoroko, ya Uganda? Ile ilishafika, mama. Angalia watu wanapita na mizigo."

Gentille akatazama telefone. "Lakini ni saa sita kasoro dakika kumi na tano!"

"Ya hapa! Ku Uganda saa yao inatangulia yetu. Saa sita yao ni saa tano yetu."

Nilisikia aibu mpaka ku mifupa. Mimi, niliyevuka maji ile miaka kumi na ine na mizigo ya samaki, niliyerudisha saa nyuma kila safari! Na ni mimi nilisema hatuna haraka.

Gentille alishakimbia, samaki mu mukono. Nikamufuata na miguu yangu ya uzee. Ku bandari boti ilikuwa inajaa watu wa kurudi. Paluku alikuwa ameikala mbele, na koti yake nyeusi, mufuko juu ya magoti.

"Baba!"

Hakugeuza kichwa. "Nimengojea saa nzima. Watoto wa wengine walikuja. Nikasema, ni vema, nimeelewa."

"Baba, saa sita haiyapiga."

Akainua mukono wenye saa. "Mimi si kipofu. Ni saba kasoro kumi."

"Na hapa ni sita kasoro kumi. Baba, umesahau saa ya kwenu?"

Watu mu boti wakacheka. Mwenye kuendesha akapiga kelele: "Muzee, chagua, maji ao inchi kavu! Nawasha moteri!"

Paluku akaniangalia mimi. "Mama Aimé. Weye ulijua maji hii mbele yangu. Na weye ulisahau?"

"Nilisahau, shemeji. Kosa ni yangu. Lakini huyu mutoto alianza kukungojea akiwa mu masomo ya primaire. Weye umengojea saa moja tu, na umeshakasirika?"

Gentille aliingia mu maji na viatu vyake vya misa, akanyoosha mukono. Muzee akashika ile saa yake, akazungusha kijiti yake ya pembeni pole pole, vidole vinakataa, mpaka mushale ukarudi nyuma saa moja. Kisha akamupa binti mufuko.

"Shika vizuri. Ni nzito."

Akatia muguu inje.

Kesho yake, saa moja, Gentille alikuwa ku kazi. Mimi nilibaki na Paluku ku nyumba ya Bunia. Mbele ya vita alikuwa seremala, na tangu asubui alikuwa anafungua mulango wa chumba chake, anaufunga, anaufungua.

"Ni nani alifanya mulango kama hii? Unakwaruza chini. Mama Aimé, munitafutie randa."

Nikaenda kuomba kwa jirani.