Safari ya Jeneza Hadi Uwanjani

Nimewahi kuwa mjinga wa kupanda jeneza kwa sababu ya uvivu wa kutembea. Ndiyo maana hata leo mtu akipaka mlango rangi, harufu ile ikinifikia, nahamia chumba cha nyuma.

Mashabiki wa mtaa wetu walichonga jeneza, wakalipaka rangi za timu pinzani ili kuizika kabla ya mechi. Nikajilaza ndani, rangi ikiwa bado mbichi na inanuka. Wakanibeba hadi uwanjani wakiimba.

«Maiti iko muzito, ilikula lituma ya ndizi!» tonton mmoja, mjomba wa mtaani, alicheka.

Kwenye mechi timu yetu ikafungwa. Njia ya kurudi haikuwa na wimbo, na hakuna aliyenishika mkono, hata papa, baba yangu. Nyumbani mama alinyoosha mikono anipokee. Jirani yetu akamzuia:

«Maman, usimuguse kwanza. Ile ekipe ya wapinzani iko muzima. Mwenye tulizika ni mutoto yako.»